Nyaya 16 Gizani

Tarehe 11 Februari 1985, wahandisi wa zamu katika chumba cha kuongozea safari za anga huko Kaliningrad, mji ulio kando ya Moscow ambao siku hizi unaitwa Korolyov, waligundua kwamba redio kuu ya kituo cha Salyut 7 imejizima. Umeme ulikuwa umezidi kwenye saketi yake na swichi ya usalama ikaukata. Halikuwa jambo la kutisha. Redio ya akiba iliingia kazini yenyewe, na kituo kikaendelea kuizunguka dunia bila mtu ndani. Zamu iliyofuata, kabla chanzo hakijajulikana, ilituma amri ya kuiwasha upya ile redio iliyojizima. Kituo kilipozunguka na kupita tena juu ya mitambo ya kupokelea mawimbi, hakikujibu. Wakakiita tena. Kimya.

Salyut 7 kilikuwa kimerushwa tarehe 19 Aprili 1982. Urefu wake ulikuwa kama mita 16 na uzito wake karibu tani 20. Mwaka 1984 wanaanga watatu, Leonid Kizim, Vladimir Solovyov na daktari Oleg Atkov, walikaa angani siku 237 na kuvunja rekodi zote za wakati ule. Waliporudi nyumbani mwezi Oktoba walikiacha kikiwa kizima, kikijiongoza na kungoja wageni wengine. Kituo kipya, Mir, kilikuwa bado hakijakamilika. Kwa hiyo Wasovyeti walikuwa na nyumba moja tu angani, na nyumba hiyo sasa ilikuwa haisikii wala haisemi. Taarifa rasmi iliyotolewa mapema Machi ilisema tu kwamba kazi zilizopangwa zimemalizika na kituo kinaendelea na safari yake. Wahandisi hawakuwa wamekata tamaa. Walianza kutafuta njia ya kumfikisha mtu pale.

Ugumu wenyewe ulikuwa huu. Chombo kinapokifuata kituo angani, viwili hivyo husemezana kwa redio: kituo hutaja mahali kilipo, hugeuka kumwelekea mgeni, na kompyuta hupima umbali na kasi mpaka vikutane. Kituo kilichokufa hakifanyi lolote kati ya hayo. Kinajiendea tu, kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, kikielekea kokote kinakoelekea. Hakuna aliyewahi kujiunga na kituo cha namna hiyo. Ilibidi rada za jeshi, zilizojengwa kwa ajili ya kuyavizia makombora ya adui, zikifuatilie ili chombo kiongozwe mpaka karibu nacho. Kilomita chache za mwisho zilikuwa za macho na mikono ya binadamu.

Mikono iliyochaguliwa ni ya Vladimir Dzhanibekov, mzaliwa wa Iskandar katika Uzbekistan ya leo, aliyekuwa amekwisha kusafiri angani mara nne. Mwaka 1982 kompyuta ya chombo chake ilishindwa kazi alipokuwa akikikaribia kituo hiki hiki, naye akashika usukani akakiunganisha mwenyewe. Mwenzake alikuwa Viktor Savinykh, mhandisi aliyekuwa amekaa katika kituo cha Salyut 6 mwaka 1981. Kwenye chombo chao, Soyuz T-13, mafundi waling'oa kiti cha tatu na mitambo ya kujiunganisha yenyewe, wakajaza maji, chakula na mafuta ya ziada. Dirishani wakamfungia Dzhanibekov vishikio vya kuongozea, na Savinykh akapewa leza ya mkononi ya kupimia umbali.

Waliondoka Baikonur tarehe 6 Juni 1985. Siku ya tatu, tarehe 8, walikiona kituo kikimeta kwa mbali. Savinykh alilenga leza, akawa anataja umbali. Dzhanibekov alichungulia dirisha la ubavuni, akawa anakisogeza chombo kidogo kidogo. Mita 200 kabla ya kufika, walisimama wakakitazama vizuri. Paneli za jua, ambazo kwa kawaida hufuata jua kwa pamoja, zilikuwa zimepinda, kila moja ikielekea kwake. Kwa fundi, hilo lilikuwa jibu tosha: mota zinazozigeuza hazina umeme, na kama hazina umeme basi kituo kizima hakina. Dzhanibekov akazunguka mpaka mlango wa mbele, akagusa, vikashikana. Pini za umeme zinazounganisha chombo na kituo hazikuonyesha uhai wowote upande wa pili.

Walifungua milango kwa hatua, wakipima shinikizo la hewa na kunusa kwa vipimo kama kuna moshi au sumu. Hewa ilikuwapo. Wakaingia wamevaa barakoa za gesi, makoti na kofia za sufu, tochi mkononi. Ndani mlikuwa giza totoro, na kilichowashtua zaidi ni ukimya, kwa sababu kituo kilicho hai huwa na feni na pampu zinazovuma usiku na mchana. Kuta na mabomba yalikuwa yameota barafu. Mezani walikuta mikate mikavu na chumvi walivyoachiwa na kundi la Kizim, kwa desturi ya Kirusi ya kumkaribisha mgeni. Kipimajoto cha ukutani hakikuweza kusoma chini ya sifuri, basi walipoulizwa kutoka duniani kama ni baridi kiasi gani, Dzhanibekov alitema mate ukutani, wakahesabu. Yaliganda kwa sekunde tatu.

Hapo ndipo wengine wangetaka kukimbilia kazi. Kishawishi kikubwa kilikuwa kuvuta umeme wa Soyuz na kuuingiza kituoni, na hilo lilikataliwa katakata. Hakuna aliyejua kilichoharibika mle ndani. Kama kulikuwa na waya uliogusana na mwingine, hitilafu hiyo ingerudi kwenye chombo na kukiua, na chombo ndicho kilichokuwa njia yao pekee ya kurudi nyumbani. Naona uamuzi huo ndio uliowaokoa, kuliko hata ule ustadi wa dirishani.

Wakaanza na betri. Kulikuwa na betri nane, zote zikiwa hazina kitu. Walizipima moja moja: mbili zilikuwa zimekufa kabisa, sita zilielekea kuweza kupokea chaji. Tatizo likawa jinsi ya kuzichaji. Kifaa kinachounganisha paneli na betri nacho kinahitaji umeme ili kifanye kazi, na umeme haupo. Njia iliyobaki ilikuwa kukiruka kifaa hicho na kuzipeleka nyaya za paneli moja kwa moja kwenye betri. Hazikutengenezewa kuunganishwa hivyo. Plagi zake hazikuendana. Savinykh alipaswa kuchuna nyaya, kusokota ncha tupu, kuzifunga kwa tepu, kisha kuhamia inayofuata. Zilikuwa 16. Glavu zilimzuia kushika ncha nyembamba, hivyo alizivua kwenye baridi hiyo, akafanya kazi kwa vidole vitupu.

Adui mwingine hakuonekana. Katika hali ya kutokuwa na uzito, hewa yenye joto haipandi juu, na bila feni haiendi popote. Pumzi anayotoa mtu hubaki imemzunguka kichwa. Ukifanya kazi umesimama mahali pamoja, unavuta tena hewa ukaa uliyoitoa, kichwa kinauma na mwili unalegea bila wewe kujua sababu. Valery Ryumin, aliyeongoza safari hiyo kutoka duniani, aliamuru mtu mmoja afanye kazi kituoni na mwingine akae kwenye chombo akimwangalia. Wao walikuwa wakipungapunga kitu chochote kilichokuwa karibu ili kuisukuma hewa. Na maji yalihesabiwa kwa siku. Yale ya kituoni yalikuwa barafu. Yale waliyokuja nayo yalitosha kama siku nane, na hata kwa kujibana wasingeweza kuyavusha mbali na tarehe 20 za Juni. Baada ya hapo wangelazimika kurudi, kituo kiwe hai au kisiwe.

Nyaya zilipokwisha kufungwa, ilibidi jua lizipige paneli. Mota za paneli zilikuwa zimekufa, kwa hiyo Dzhanibekov alirudi kwenye Soyuz, akawasha injini ndogo za pembeni na kukigeuza kituo kizima cha tani 20 kulielekea jua. Wakasubiri. Betri ya kwanza ikapokea, kisha ya pili. Zilipokuwa na chaji ya kutosha walizirudisha kwenye mfumo, wakawasha swichi, na taa za Salyut 7 zikawaka.

Sasa waliweza kutafuta chanzo, nacho kilikuwa kidogo mno. Kila betri ina kihisi kinachosema imejaa, ili kompyuta ikate chaji isije ikaiharibu. Kihisi kimoja kilikuwa kibovu kikasema imejaa wakati haijajaa. Kompyuta ilitii. Ilipojaribu kuzirudisha paneli kwenye chaji, kihisi kikasema vilevile, ikakata tena. Kituo kikala akiba yake mpaka ikaisha, huku jua likiwaka juu ya paneli. Kama redio ingekuwa hai, mhandisi yeyote wa zamu angeiona hesabu ya umeme ikishuka na angetuma amri ya kuirekebisha. Kihisi peke yake kisingekiua kituo, na redio peke yake isingekiua.

Kuwaka kwa taa hakukumaliza shida. Joto lilipopanda, barafu ya miezi kadhaa ikayeyuka, na maji yasiyo na uzito hayatiririki sakafuni. Yalitanda kwenye kuta, nyuma ya paneli za mitambo, juu ya nyaya zilizokuwa na umeme tayari. Wakayafuta kwa matambara, na matambara yalipokwisha wakachana nguo. Katikati ya Juni walijaribu mfumo wa kukielekeza kituo, nao ukafanya kazi. Maana yake chombo cha mizigo kisicho na mtu kingeweza kuja. Progress 24 kilirushwa tarehe 21 Juni, kikafika tarehe 23 na maji, mafuta na vipuri. Dzhanibekov alipokuwa akifungua mizigo hiyo, nati yenye mabawa iliyofungia moja ya shehena ilijifungua na kuelea. Akaiona ikizunguka, ghafla ikajipindua kichwa chini miguu juu, ikaendelea, ikajipindua tena. Kanuni zake zilikuwamo tayari kwenye hesabu za fizikia, lakini leo tabia hiyo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 2017 Urusi ilitoa filamu kuhusu safari hii. Ndani yake kuna moto na nyundo. Sielewi kwa nini kazi ya kweli haikuonekana kutosha: watu wawili waliokuwa wakiuliza kabla ya kugusa, na mmoja wao akisokota shaba kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Tarehe 2 Agosti walitoka nje kwa saa tano hivi wakaongeza paneli za jua. Septemba likaja kundi jipya. Dzhanibekov akarudi duniani na mwanaanga mkongwe Georgy Grechko, na Savinykh akabaki mpaka Novemba, safari ilipokatizwa kwa ugonjwa wa kamanda mpya. Mei 1986 Kizim na Solovyov, waliokuwa sasa kwenye Mir, walisafiri na Soyuz T-15 kutoka kituo hicho kipya mpaka Salyut 7, wakaishi humo wiki saba, wakatoka nje mara mbili, kisha wakarudi Mir wakiwa wamebeba vifaa vya kisayansi vilivyokuwa bado vinafanya kazi.