Ferumoksitoli

Ferumoksitoli ni dawa ya mshipani yenye chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, zilizofunikwa kwa kabohidrati. Kila chembe ina upana wa nanomita 30 hivi. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa chuma, lakini hutumika pia kukoleza picha za MRI za uvimbe wa ubongo.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na dawa za gadolini. Molekuli zake ndogo hupenya mara moja pale uvimbe ulipoharibu kizuizi kati ya damu na ubongo, na picha hupigwa baada ya dakika chache. Chembe za ferumoksitoli hubaki kwanza ndani ya mishipa, zikionyesha wingi wa damu kwenye uvimbe. Baadaye humezwa na seli za kinga. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha tena baada ya saa 24 hivi. Kwa kuwa ferumoksitoli haitolewi na figo, huwafaa wenye figo dhaifu.

Huweza kusababisha mzio mkali, hivyo hutolewa polepole kwa dripu. Chuma chake huweza kuathiri picha za MRI hadi miezi 3.