Ithibati ya Toleo: Istilahi Inayokosekana Kwenye Mbio za Saluni

Msimu wa 1994 wa mashindano ya magari ya saluni nchini Uingereza ulibishaniwa nusu barabarani, nusu ndani ya buti. Wakati huo mbio hizi zilitumia magari yanayofanana na ya familia: milango minne, injini ya lita mbili, umbo lile lile lililokuwepo dukani. Mwaka huo Alfa Romeo ilileta modeli ya 155, mmoja wa madereva wake akiwa Mwitaliano Gabriele Tarquini. Gari lilikuwa na kidevu kilichochomoza chini ya bampa la mbele na bawa lililonyanyuliwa nyuma; hewa ikipita hapo hulikandamiza gari, matairi yakashika lami vizuri zaidi kwenye kona. Tarquini akashinda mbio tano za mwanzo mfululizo. Wapinzani wakaja juu. Sheria ilitaka umbo la gari la mashindano liwe limeuzwa kwa umma, magari yasiyopungua 2,500. Alfa Romeo ilikuwa imetoa toleo hilo, ikaliita Silverstone, lakini bawa lake lilifika kwa mnunuzi likiwa limelala, na vipande vya kulinyanyulia vikiwa vimewekwa kwenye buti ili avifunge mwenyewe. Je, kipande kilicholala kwenye buti ni sehemu ya gari? Katika uwanja wa Oulton Park waandaaji waliamuru bawa lishushwe, na Alfa Romeo wakafungasha vitu vyao wakaondoka bila kushindana.

Kilichobishaniwa pale kina jina katika lugha za Ulaya, homologation kwa Kiingereza, lenye mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kusema jambo moja, kukubaliana. Ni utaratibu ambao kiwanda huwasilisha kwa mamlaka ya mchezo maelezo kamili ya modeli pamoja na ushahidi kwamba imetengenezwa kwa idadi inayotakiwa. Mamlaka ikiridhika, modeli hiyo, kwa umbo na viungo vilivyoandikwa, hufunguliwa mlango wa mashindano. Napendekeza tuuite ithibati ya toleo. Wanahabari wetu wa michezo wamekuwa wakiandika usajili au idhini, na maneno yote mawili yanapotosha. Msomaji akisikia gari limesajiliwa anafikiria kadi na namba, tena za gari moja lenye mwenyewe. Idhini nayo ni ruhusa, na ruhusa aweza kuitoa mwenye uwanja kwa hisani tu, bila ushahidi wowote. Kisha kuna ukaguzi, pale mafundi wanapopima uzito na kufungua boneti siku ya mbio. Kisa cha Alfa Romeo hakielezeki bila kutenganisha hatua hizi. Hakuna aliyedai kwamba 155 haikuwa na karatasi. Ubishi ulikuwa kama karatasi zile zilithibitisha bawa likiwa limelala au likiwa limesimama, na neno lenye mzizi wa thabiti ndilo linalobeba swali hilo. Linatupa pia familia nzima ya kufanyia kazi: kuthibitisha, kuthibitika, uthibitisho.

Kuna watakaosema ithibati tayari ina wenyewe. Ni kweli, vyuo vikuu hupewa ithibati, na waandishi wa habari Tanzania wana bodi yao ya ithibati. Kwangu hiyo ni sababu ya kulichukua, maana kiini ni kile kile: chombo chenye mamlaka kimepima ushahidi kikatamka kwamba kiwango kimefikiwa. Neno toleo linamaliza utata, na wenye magari wanalijua. Husema toleo la zamani, toleo jipya. Pingamizi zito zaidi ni la wanaotaka kutohoa tu, tuandike homologesheni, kwa kuwa ndilo lililomo kwenye nyaraka za shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Tumetohoa injini, bampa na buti, na hatukukosea, kwa sababu kitu chenyewe unakiona na kukigusa. Utaratibu wa kisheria hauonekani. Jina lake lisipomwambia msomaji kinachofanyika, atalikariri bila kulielewa, na mjadala kama ule wa Oulton Park utampita.

Wala si jambo la Wazungu peke yao. Mwaka huo huo wa 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica, na Celica ile iliweza kushindana kwa sababu Toyota ilikuwa imetengeneza toleo maalumu la magari 5,000 ili kutimiza sheria ya aina hii. Mashabiki waliosimama kando ya barabara za vumbi za Kenya walikuwa wakitazama tunda la ithibati ya toleo, ingawa neno la kuiita hawakupewa.

Alfa Romeo ilirudi mbioni baada ya Oulton Park, Tarquini akaishia kutwaa ubingwa wa Uingereza mwaka ule, na mwaka 1995 sheria ikabadilishwa, wapinzani nao wakaruhusiwa mabawa. Mhariri wa michezo atakayekumbana na kisa cha namna hii aandike ukaguzi panapohusu gari moja siku ya mbio, idhini panapohusu ruhusa ya waandaaji, na ithibati ya toleo panapohusu modeli nzima na ushahidi wake.