Vidole Zimekaza Kila Asubuhi? Hii Ndio Rada ya RA: Dawa, Hosi na Watu wa Kukushika Mkono

Oktoba 2018, staa wa tenisi kutoka Denmark, Caroline Wozniacki, alitoa stori ambayo mafans hawakutarajia. Alikuwa na miaka 28 tu, na Januari mwaka huo huo alikuwa amebeba Australian Open. Akasema kuna asubuhi aliamka mikono ikakataa kuinuka juu ya kichwa, na madaktari wakampata na rumatoidi athraitisi. Kumbe alikuwa ashajua kabla ya kushinda China Open wiki chache hapo nyuma, akanyamaza tu.

Wasee walishtuka kwa sababu huku kwetu huo ugonjwa tunaujua kama wa shosho pale ocha. Baridi yabisi. "Baridi imeingia mifupa." Sasa mtu wa kukimbia masaa mawili juani anaipata wapi?

Jibu ni kwamba rumatoidi athraitisi, ile madaktari huita RA kwa kifupi, haina haja na baridi wala umri wako. Ni kinga ya mwili imechanganyikiwa. Ile askari ya kulinda ploti inaanza kuvunja milango ya wapangaji. Inashambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo, viungo vinafura, na mwisho wake inakula gegedu na mfupa. Wengi huanza kuiskia kati ya miaka 30 na 60, lakini inaweza kukupata ukiwa bado chuo, na wanawake huipata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Ukivuta fegi, unaongeza hatari ya kuipata na unafanya dawa zifanye kazi vibaya. Baridi ya Julai inaweza kufanya maumivu yaskike zaidi, sikatai, lakini si yenyewe iliyoleta ugonjwa.

Utajuaje si uchovu tu?

Angalia viungo vidogo kwanza: vifundo vya vidole, viganja, vidole vya miguu. RA hupenda kushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Unaamka vidole zimekaza kabisa, na huo ukavu unakaa zaidi ya nusu saa, wakati mwingine masaa. Mtu wa kawaida akilala vibaya anajinyoosha dakika tano na maisha inaendelea. Wewe unashindwa kufunga vifungo vya shati, kufungua kifuniko cha soda, kushika chuma ya mat. Juu ya hiyo kuna kuchoka kusikoisha hata baada ya kulala, homa ya chini chini, na kilo kupungua bila sababu.

Usichanganye na ugonjwa wa gauti, ile ya kidole gumba cha mguu kuwaka moto ghafla usiku baada ya wikendi ya nyama choma na mapombe. Na kuna ile ya viungo kuisha kwa sababu ya umri na uzito, ambayo mara nyingi hushika goti na kiuno, na ukavu wake wa asubuhi hauchukui muda. Hizi tatu ni tofauti na dawa zake ni tofauti. Ndio maana kujitibu kwa kukisia ni noma.

Kemisti ya mtaa itakuchelewesha

Hapa ndipo wengi hupotezea viungo vyao. Msee anaskia uchungu, anaingia kemisti, anapewa diklofenaki ama ibuprofeni, uchungu unashuka, anarudi jobo. Wiki ijayo tena. Miezi inapita hivyo. Dawa za maumivu zinanyamazisha tu kelele. Ndani ya kiungo, kuliwa kunaendelea. Na ukizimeza kila siku bila daktari, unaweza kujipa vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Kuna na ile dawa tamu zaidi, prednisoloni. Ukipewa, siku mbili unajiskia umeponywa, unataka hata kwenda kudunda. Daktari huitumia kwa muda mfupi kukushikilia dawa kubwa ikianza kufanya kazi, na hapo iko sawa. Lakini kuna watu wamejinunulia miaka na miaka. Wanaanza kufura uso, sukari inapanda, mifupa inakuwa laini. Na ukishaizoea hivyo, usiiache ghafla peke yako, mwili unaweza kukuangusha vibaya. Inapunguzwa mos mos na daktari.

Ukiona miti shamba ya chupa inauzwa kwenye mat na inamaliza uchungu kwa siku moja, jiulize kuna nini ndani. Dawa za aina hiyo zimewahi kupatikana zimechanganywa na steroidi kisiri, hizo hizo za kundi la prednisoloni.

Muda ndio kila kitu hapa. Madaktari wa viungo wanataka uanze dawa yenyewe ya RA ndani ya miezi michache ya kwanza, mitatu hadi sita, kabla mifupa haijaanza kuliwa. Mfupa ukishaliwa haurudi. Christiaan Barnard, yule daktari wa Afrika Kusini aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu 1967, aliacha upasuaji 1983 kwa sababu RA ilikuwa imemaliza mikono yake. Marekani iliidhinisha methotreksati kwa RA miaka mitano baadaye, 1988. Wewe uko upande mzuri wa hiyo kalenda, sasa usiupoteze kwa kemisti.

Uanzie wapi

Anza na hosi ya karibu, lakini ukifika sema wazi: viungo gani, tangu lini, ukavu wa asubuhi unachukua dakika ngapi. Usiseme tu "nauma mwili" kwa sababu utatoka na Panadol. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya ndani, wanaopatikana kwenye hospitali kubwa za kaunti. Huyo anaweza kukupima na hata kukuanzisha dawa ukingoja mtaalamu wa RA wenyewe, wanaoitwa marumatolojisti. Hao ni wachache sana Kenya, na wengi wako Nairobi. Kenyatta na Aga Khan wako nao. Ukipewa jina la daktari na hujui kama ni wa ukweli, baraza la madaktari, KMPDC, lina rejista mtandaoni, tafuta jina hapo.

Vipimo vya damu huwa ni kipimo cha RF, kingine cha anti-CCP, na ESR ama CRP za kuonyesha mwili unawaka kiasi gani. Piga na eksirei ya mikono na miguu. Kitu ambacho wengi hawaambiwi: RF inaweza kutoka safi na bado una RA. Pia inaweza kuonyesha ndiyo na huna. Kwa hivyo mtu asikufukuze na karatasi moja kama vidole bado zimefura.

Dawa zenyewe

Methotreksati ndio inaanza kwa wengi, na bei yake si ya kutisha ukilinganisha na zingine. Shika hii kama namba yako ya simu: inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Si kila siku. Watu wamekufa duniani kwa kuimeza kila siku kimakosa. Chagua siku yako, weka alamu, na mwambie mtu wa kwenu. Utapewa pia foliki asidi ya kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na utakuwa unapimwa damu na ini kila baada ya muda.

Ukiwa kwa methotreksati, Septrin ni sumu kwako. Hiyo Septrin tunayouziwa kila kona ukiwa na kikohozi ama mkojo unachoma. Zikikutana zinaweza kuangusha damu yako vibaya. Kila kemisti unayoingia, taja methotreksati kwanza. Pombe nayo inagongana na hiyo dawa kwa ini, kwa hivyo ongea ukweli na daktari wako kuhusu Ijumaa zako. Na madem, hii ni ya maana: methotreksati inaharibu mimba. Tumia upangaji uzazi, na kama unataka mtoto sema mapema ubadilishiwe. Kuna dawa za RA zinazoruhusiwa ukiwa mjamzito, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini, kwa hivyo RA si mwisho wa kuitwa mathe. Wengi hata huskia afadhali wakiwa na mimba, halafu inarudi na nguvu baada ya kujifungua. Jipange na hiyo. Wozniacki mwenyewe alipata watoto wawili na akarudi uwanjani 2023.

Haidroksiklorokwini inataka macho yapimwe kila baada ya muda. Salfasalazini inaweza kugeuza mkojo rangi ya machungwa, usipanik. Hizi zote si za leo kwa leo. Zinachukua wiki sita hadi kumi na mbili kuskika, na ndio wakati wasee wengi huziacha wakisema hazifanyi. Shikilia.

Zikikataa hata zikichanganywa, kuna sindano za bayolojiki kama adalimumabu na rituksimabu. Zimebadilisha maisha ya watu, lakini bei inaweza kumeza mshahara wa mwezi na ibaki na deni. Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu 2019, na uliza kila mara kama kuna nakala ya bei nafuu. Kabla ya kuanza lazima upimwe TB, hata ile imelala tu mwilini, kwa sababu adalimumabu na ndugu zake zinaweza kuiamsha. Usikubali mtu akuruke hicho kipimo.

Ganji

SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama bado hujajisajili piga *147#. Walioajiriwa wanakatwa asilimia 2.75, na wa kujitafutia wanapimiwa uwezo wao, kiwango cha chini kikiwa soo tatu kwa mwezi. Kizungumkuti ni kwamba mtu wa kujitafutia anatakiwa kulipa ya mwaka mzima, kwa hivyo usingoje hadi siku ya kulazwa. Na kabla hujapimwa ama kuandikiwa dawa, uliza dirishani: hii inalipiwa, ama natoa mfukoni? Wakati mwingine kipimo hicho hicho kiko nafuu kwa hosi ya serikali mtaa wa pili.

Kama RA imeshaharibu viungo hadi kazi za kawaida zimekushinda, unaweza kuomba kutathminiwa kwa hospitali ya serikali na kusajiliwa na baraza la watu wenye ulemavu, NCPWD. Si kila mwenye RA anapita. Ukipita, na uko na mshahara, unaweza kuomba msamaha wa ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Wengi huogopa neno "ulemavu" na kuacha pesa yao mezani. Mimi naona hiyo ni aibu ya bure.

Kazini, sheria ya ajira ya 2007 inakupa, baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, angalau siku saba za ugonjwa na mshahara kamili kwa mwaka, na saba zingine kwa nusu. Lazima ulete karatasi ya daktari. Siku kumi na nne si nyingi kwa RA, kwa hivyo ongea na bosi mapema kuhusu kuingia saa nne badala ya saa mbili, maana asubuhi ndio adui yako.

Watu

Kitu kigumu zaidi kwa RA mara nyingi ni kuaminiwa. Jana ulikuwa unacheka na mbogi, leo huwezi shika kikombe, na nyumbani wanasema unajifanya ndio usioshe vyombo. Kwa kanisa kuna mtu atakuambia umerogwa. Ikiwezekana, enda kliniki na mmoja wao, mathe, bro ama mpoa wako, akaskie daktari akisema kwa mdomo wake kwamba ugonjwa huja kwa mawimbi. Muulize pia nesi wa kliniki kama wagonjwa wako na kikundi. Kukaa kwa benchi na dem wa umri wako anayejua kufungua mlango kwa kiwiko kunasaidia kuliko mahubiri kumi.

Kama kazi yako ni kusuka, kunyoa, kushona ama kupiga kompyuta, omba kuonana na fizio na mtaalamu wa tiba ya kazi. Watakupa mazoezi, vishikizo vya viganja vya kulala navyo, na mbinu za kushika vitu bila kuumiza vifundo. Mikono kwa maji ya vuguvugu asubuhi husaidia. Kutembea na kuogelea pia. Kulala kitandani siku nzima kunazidisha ukavu.

Na ukianza kuskia giza kichwani, usiichukulie kama udhaifu. Uchungu wa kila siku na mfadhaiko hutembea pamoja. Namba ya Red Cross Kenya ya 1199 ni ya bure na kuna watu wa kukuskiza.

Siku ya kwanza ya kumwona mtaalamu, beba dawa zote unazomeza, na miti shamba ikiwa ndani. Beba na picha za vidole ulizopiga saa kumi na mbili asubuhi zikiwa zimefura, kwa sababu foleni itakufikisha kwa daktari saa saba mchana, na kufikia hapo mikono itakuwa inakaa fiti kabisa.