Redio Mpya Kwenye Gari la Zamani: Historia Fupi ya Kusikia, Korogwe hadi Handeni

Ukipanda gari dogo pale Korogwe kwenda Handeni, usishangae kusalimiwa kwa Kijapani. Dereva akizungusha tu ufunguo, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi na kusema, kwa adabu zote, jambo ambalo hakuna abiria anayelielewa. Mara nyingi anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendo kasi kule Japani, ulioanza kutumika mwaka 2001. Huku kwetu hakuna pa kuichomeka wala wa kuidai, lakini gari halijui. Linaendelea kukumbusha, asubuhi baada ya asubuhi.

Kadi hiyo haimzuii mtu kusafiri. Tatizo kubwa liko kwenye redio. Redio ya gari la Kijapani ilitengenezwa ipokee FM ya megahezi 76 hadi 90. FM ya kwetu, kama ilivyo sehemu kubwa ya dunia, huanzia 87.5 mpaka 108. Piga hesabu: zinakutana kwa megahezi mbili na nusu tu. Ukiwa na bahati, kwenye mwanya huo utapata kituo kimoja au viwili. Vingine vyote viko hewani, vinapita juu ya paa la gari, ila redio haina sikio la kuvipokea.

Kwa nini Wajapani waliishia 90? Kwa sababu masafa ya 90 hadi 108 waliyapa televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3. Televisheni yao ya analojia ilizimwa Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko, ambayo ilisubiri hadi Machi 2012. Ndipo FM yao ikaanza kusogezwa mpaka 95. Lakini kufikia hapo magari mengi yalikuwa yameshapanda meli, mengine yameshapigwa na vumbi la Handeni miaka kumi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kisa hiki kina pande mbili. Utangazaji wetu ulianza mwaka 1951 na Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu wakiitaja hupunguza sauti kama wanamtaja marehemu. RTD ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, nayo ilitufikia kwa masafa mafupi. Mawimbi hayo mafupi yana tabia nzuri: hupanda angani, yakagonga tabaka la juu, yakarudi chini mbali sana na yalikotoka. Mtambo ukiwa Dar es Salaam, mtu wa kijijini aliweza kusikia taarifa ya habari, nyimbo za bendi na vituko vya Pwagu na Pwaguzi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya mbele ya redio watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Enzi hizo redio ilikuwa moja na wasikilizaji walikuwa wengi. Gari binafsi lilikuwa jambo la nadra, hivyo redio ya gari haikuwa tatizo la mtu yeyote.

Milango ikafunguka kwa zamu. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na taratibu magari ya mtumba yakaongezeka. Yaliyotoka Japani yalitufaa kwa sababu usukani uko kulia, nasi tunaendesha kushoto. Mwaka 1993 ikaja sheria mpya ya utangazaji, 1994 ikaanza Radio One, na baada ya hapo FM zikachipua kila kona. Yaani gari la Kijapani na redio ya FM viliingia nchini karibu wakati mmoja, vikaketi kwenye dashibodi moja, na havikuelewana.

Aliyevipatanisha ni fundi umeme wa magari. Simwoni kwenye vitabu vya historia ya utangazaji, na nadhani ni upungufu. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kidude kidogo anachokiita ekspanda, kinachofungwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kutoa. Kikiwa cha kutoa 16, kituo cha 98 kinasikika kwenye 82. Ila dirisha la Kijapani lina upana wa megahezi 14 tu na bendi yetu ina 20.5, kwa hiyo daima kuna vituo vinavyobaki nje. Halafu msikilizaji anapaswa kukariri namba za uongo: mtangazaji anajitaja kwa namba hii, redio inaonyesha ile.

Dawa ya pili ndiyo inayotawala leo: ng'oa, weka mpya. Niliwahi kuketi mchana mzima kwa fundi mmoja Korogwe nikimwangalia akiifanya kwenye Corolla iliyochoka. Nafasi ya redio kwenye Toyota ina upana wa milimita 200, redio nyingi za madukani zina 180, basi pembeni zinabaki nyufa za kuzibwa kwa vipande vya plastiki. Kisha zinakuja waya. Ya njano ni ya betri moja kwa moja, hiyo ndiyo inatunza kumbukumbu. Nyekundu inapata moto ufunguo ukizungushwa. Nyeusi ni ya athi. Nilimuuliza mbona anapima kila waya wakati rangi zinajulikana. "Kaka, rangi ni za redio mpya," akasema. "Za gari anazijua aliyelifungua kabla yangu."

Redio hiyo mpya wenyeji huiita ya digitali. Ina namba zinazowaka, inasoma flashi, inaongea na simu kwa bluetooth. Lakini mawimbi inayopokea ni FM ileile ya analojia. Redio ya digitali kwa maana ya mitambo ni kitu kingine: sauti hurushwa kama tarakimu, na redio ya kawaida haiambulii chochote. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya taifa mwaka 2017, na wenye magari ya zamani wakalazimika kununua kifaa cha kuongezea au redio nyingine. Sisi tumeonja jambo hilo kwenye televisheni: uzimaji wa analojia ulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na asiye na king'amuzi akatazama kioo cheusi.

Hapo ndipo historia hii inaponigusa. Kila mara masafa yalipobadilika, uamuzi ulifanyika mbali na bili ikatua kwa msikilizaji. Tulipohama kutoka masafa mafupi kwenda FM, tulipata usafi wa sauti tukapoteza umbali, kwa sababu FM husafiri kwa kunyooka na milima ya Usambara haisogei. Flashi imekuja kuziba pengo hilo. Kituo kikikatika, dereva anabonyeza, na muziki unaendelea. Nimesafiri na flashi yenye nyimbo za zamani za RTD, nikafurahi kweli. Ila flashi haina taarifa ya habari, haina mchezo wa redio usioujua mwisho wake, na haikuunganishi na mtu wa Mombo anayesikiliza hichohicho dakika hiyohiyo.

Siku ikija zamu yetu ya kuhamisha redio kwenda digitali kamili, wapangaji wasianze na gari jipya lililoegeshwa mbele ya wizara. Waanze na ile Corolla: umri wake zaidi ya miaka ishirini, imefunguliwa na mafundi wanne, inabeba abiria Korogwe na Handeni, na mwenye nayo ameshanunua kusikia mara mbili. Wamuulize kama ana uwezo wa kununua mara ya tatu.