Mombasa: Kisiwa cha viunga kilivyopoteza mashamba yake

KISIWA cha Mombasa kina ukubwa wa takriban kilomita 14 za mraba, na ni vigumu leo kumpata humo mtu anayejiita mkulima. Hata hivyo, majina ya mitaa yangali yanasimulia habari nyingine: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika. Miti iliyoipa mitaa hiyo majina imebaki midomoni mwa makanga wa matatu, wanaoitaja mchana kutwa wakiita abiria.

Historia ya ardhi ya kilimo kisiwani humo hupotoshwa kwa njia mbili. Wapo wanaodhani kwamba Mombasa ilijilisha yenyewe hadi wageni walipokuja kuivuruga, na wapo wanaoamini kwamba haikupata kulimwa kamwe. Ushahidi wa wasafiri wa kale unazikataa dhana zote mbili.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba kisiwa kilikuwa na migomba, milimau na mti wa tunda tamu lenye kokwa, ambalo wataalamu wengi hudhani ni zambarau. Akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: wenyeji hawakulima nafaka. Nafaka yao ililetwa kutoka bara, nao waliishi zaidi kwa ndizi na samaki.

Miaka 167 baadaye, mwezi Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga nje ya bandari, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Taarifa hizo mbili zinapatana. Mombasa ilikuwa kisiwa cha matunda, na ghala lake la nafaka lilikuwa ng'ambo ya maji.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi sura ya mji wa namna hiyo katika neno "kiunga". Wengi hulitumia leo kwa maana ya kitongoji cha pembezoni, lakini asili yake ni ardhi inayouzunguka mji, yenye bustani na miti ya matunda. Mji wa Mombasa, ambao sasa huitwa Mji wa Kale, ulibanana upande wa mashariki wa kisiwa, karibu na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Nje ya mji huo sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa viunga, makonde na msitu wa mibuyu. Baadhi ya mibuyu hiyo ingali imesimama upande wa kusini, penye barabara ya Mama Ngina.

Katika karne ya 19, hasa baada ya Seyyid Said wa Oman na Unguja kuutwaa mji mwaka 1837, matajiri wa Mombasa walipanua mashamba yao ya bara: Kisauni upande wa kaskazini, Likoni na Mtongwe upande wa kusini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi. Mwenye shamba aliishi mjini na kuvuka kwa mtumbwi kwenda kukagua minazi, miembe na mtama wake. Jembe hakulishika yeye. Lilishikwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yalikosa nguvu kazi. Mengine yaliachwa yaote magugu, na mengine yakalimwa na waliokuwa watumwa pamoja na wahamiaji kutoka vijiji vya Wamijikenda, kwa ruhusa ya mwenyewe au bila ruhusa.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Kwa mila za pwani, mti na ardhi vingeweza kuwa na wenyewe tofauti: mtu aliyepanda mnazi alikuwa na haki ya nazi zake hata kama udongo ulikuwa wa mwingine. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya pwani apeleke madai yake mbele ya msajili wa serikali, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Familia zilizofahamu maandishi na mahakama zilifaulu. Aliyelima bila karatasi, akitegemea ushahidi wa jirani na wa miti yake, alijikuta mgeni katika konde lake.

Wakati huohuo thamani ya ardhi ilikuwa ikibadilika. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia mwaka 1926 meli kubwa ziliweza kufunga kwenye gati za maji marefu za Kilindini. Shamba ambalo zamani lilipimwa kwa idadi ya minazi sasa lilipimwa kwa futi. Kwa mwenye hatimiliki, vibarua wa bandari na wa reli waliotafuta mahali pa kulala walikuwa mavuno ya uhakika kuliko nazi.

Ndivyo yalivyozaliwa Majengo. Mwenye ardhi alikodisha kiwanja kwa malipo ya kila mwezi, na mpangaji akajenga juu yake nyumba yake ya Kiswahili ya miti na udongo. Nyumba ikawa ya mmoja na ardhi ya mwingine. Utaratibu huo, unaojulikana Mombasa kama "nyumba bila ardhi", unafanana ajabu na ule wa mnazi na udongo, ila kwa tofauti moja nzito: mila ilimlinda mwenye mnazi, ilhali mwenye nyumba angeweza kuambiwa abomoe na aondoke. Jengo hurithiwa na watoto na wajukuu, nao huendelea kulipia ardhi ambayo babu yao aliikuta ina minazi.

Kisiwa kilipojaa, mji ulivuka maji. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931, na huduma za feri ya Likoni zilianza mwaka 1937. Nyali, iliyokuwa na mashamba ya mkonge, ikawa mtaa wa matajiri. Bamburi kikajengwa kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954, na matumbawe yaliyo chini ya udongo yakachimbwa ili kuutengeneza mji uliokuwa ukila udongo huo. Mwaka 1971 machimbo hayo yalianza kupandwa mivinje, nayo leo ni msitu. Ni mfano adimu wa ardhi kurudishiwa mimea katika eneo hili.

Upande wa kusini mambo hayakuwa ya upole hivyo. Shamba la Waitiki huko Likoni, lenye takriban ekari 930, lilivamiwa na maskwota baada ya ghasia za mwaka 1997. Mgogoro huo ulidumu karibu miongo miwili, hadi serikali iliponunua shamba hilo na kuanza kuwagawia wakazi hatimiliki mwaka 2016. Waliopewa hati walipewa viwanja vya makazi, si mashamba. Mwaka uliofuata reli mpya ya kisasa ilifunguliwa, kituo chake kikiwa Miritini, upande wa bara.

Takwimu za taifa zinaonyesha mwelekeo tofauti kwa juu juu. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ardhi inayolimika nchini Kenya iliongezeka kutoka takriban hekta milioni 3.5 mwaka 1961 hadi karibu milioni 5.8 katika miaka ya hivi karibuni. Lakini sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6, na ile ya 2019 milioni 47.6. Fungu la kila Mkenya limeshuka kutoka takriban hekta 0.4 hadi 0.12. Kaunti ya Mombasa pekee ilikuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019.

Watu hao hulishwa kwa malori. Soko kuu la jumla liko Kongowea, upande wa bara kaskazini, likiwa na jina ambalo katika masimulizi ya wenyeji lilikuwa la mji wa kale wa kisiwani, mji wa Mwana Mkisi. Viazi hushuka kutoka nyanda za juu za Kenya, na machungwa hutoka Muheza, mkoani Tanga, yakivuka mpaka kuja kuuzwa katika mji uliompa Vasco da Gama machungwa.

Katika Mji wa Kale, kinacholimwa bado kimo ndani ya makopo na vyungu, uani na juu ya mapaa: asumini na mrehani. Maua huchumwa na kutungwa vikuba, ambavyo wanawake hununua kwa ajili ya harusi.