Kichomi na plurisi

Kibumba, kaskazini ya Goma kwenye barabara ya Rutshuru, kuna baridi ya milimani na moshi wa kuni ndani ya nyumba, hivyo kikohozi si kitu kigeni. Anayekohoa huku ameshika ubavu huambiwa ana kichomi. Neno hilo, lililotokana na kuchoma, linayaeleza maumivu yenyewe barabara. Tatizo ni kwamba hutumika pia kuitaja homa ya mapafu, yaani nimonia, kana kwamba maumivu na ugonjwa ni kitu kimoja. Afadhali istilahi ya tiba ivitenganishe: kichomi kibaki jina la dalili, na ugonjwa wa utando wa mapafu uitwe plurisi.

Pafu lenyewe halina neva za maumivu. Limefunikwa na utando wa tabaka mbili: ya ndani imeshikamana na pafu, ya nje na mbavu, na ni hii ya nje inayouma. Utando ukiathiriwa na nimonia, kifua kikuu au damu iliyoganda katika mshipa wa pafu, kila kikohozi huzisuguanisha tabaka hizo. Lakini kichomi huweza pia kutokana na misuli iliyochoshwa na kukohoa au kubeba gunia la viazi, au na ubavu uliovunjika. Tena, maji yakijaa kati ya tabaka, hazigusani tena na maumivu hupungua, huku pumzi ikizidi kukatika. Muuguzi akigonga mgongo kwa kidole husikia mlio mzito, usio na mwangwi. Aliyedhani kichomi ndicho ugonjwa atajiona amepona, kumbe hali imezidi.

Wengine watasema tuunde “homa ya utando wa mapafu”, kama tulivyo na homa ya ini na homa ya uti wa mgongo. Jina ni zuri, ila plurisi ya damu iliyoganda au ya jeraha yaweza kuja bila homa kali. Wengine watashika pleurésie ya Kifaransa, lugha ya vyuo vya uuguzi Kongo; lakini mara nyingi neno hilo hutaja utando uliokwisha kujaa maji, likaiacha hatua ya mwanzo.

Basi kikohozi kikifika wiki 2, kapime kifua kikuu. Kichomi kikiambatana na pumzi kukatika, homa kali au makohozi yenye damu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yametulia.