Wageni wa Bakersfield

Guka alipiga kaseti za Merle Haggard hadi zikakwaruza, nami nikajua tu huyo ni msee wa California tangu jadi. Kumbe wazazi wake walitoka Oklahoma ghala lao lilipoungua. Alizaliwa 1937, akakulia Oildale, kando ya Bakersfield, ndani ya behewa la treni lililogeuzwa nyumba. Maelfu walikuja hivyo, wakikimbia ukame na madeni. Kuitwa "Okie" lilikuwa tusi. Mwaka wa 1936 polisi wa Los Angeles walituma askari 136 mipakani mwa jimbo kuzuia maskini, eti Wamarekani wenzao! Waliopenya walichuma pamba, usiku wakapiga gitaa kwenye mabaa. Leo Bakersfield inajulikana kwa muziki huo wao.

Guka, aliyefika Nyahururu na godoro moja, hakuwahi kuniomba nimtafsirie.